Mhariri, waambieni watu anemoni haishi kwa chumvi ya Uvinza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua nitoe la moyoni maana limenikaa muda sasa. Siku za nyuma gazeti lenu lilitoa ukurasa wa mapambo ya nyumba, kukawa na picha ya tanki la maji chumvi sebuleni kwa mtu, ndani yake kuna anemoni, lile linalofanana na ua, na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na maelezo chini yakasema ni pambo lisilo na kazi nyingi, unaweka maji, unaweka chumvi, unawasha taa basi. Picha ilikuwa nzuri sikatai, ila yale maelezo mafupi yameshaua wanyama hapa Kigoma na nadhani hata Tabora na kwingine huku bara, kwasababu tangu hapo nimeitwa kwenye nyumba kadhaa hapa Mwanga na kule Gungu niangalie "lile ua la bahari limefanyaje" na kila nikifika nakuta mnyama ameshasinyaa, mdomo umeachama, maji yamebadilika rangi na nyumba nzima inanuka.

Mimi nimefanya kazi ya kufungasha samaki wa mapambo wa ziwani kwa miaka, hawa wetu wa Tanganyika wanaosafirishwa nje, kina Tropheus na Cyphotilapia na wengine, alafu baadae nikaanza kufuga wa baharini nyumbani. Kwahiyo sio kwamba nakataza watu wasifuge. Napenda sana wafuge. Ninachotaka mtu ajue anaingia kwenye nini kabla hajatuma hela Dar kwa simu, maana ukikosea shati unarudisha dukani ila huyu akishaharibika harudi.

Kwanza tuwekane sawa kwamba anemoni ni mnyama. Ana mdomo, ana tumbo, ana mguu mmoja mpana anaoshikia jiwe na ana minyiri yenye sumu ya kuduwaza samaki wadogo na kamba. Ni ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi alipita kwangu akasimama mbele ya tanki muda mrefu, akaniuliza, "mwanangu, hili nalo linakula?" nikamwambia "ndiyo mzee, linakula na linatembea," akacheka akadhani namtania mpaka nilipomuwekea kipande cha kamba akaona minyiri inajikunja kupeleka chakula mdomoni. Toka siku hiyo kila akipita anauliza hali yake, yani anamuulizia kama anavyoulizia watoto. Na wanaishi sana hawa. Kuna mmoja aliokotwa pwani ya Scotland mwaka 1828 na bwana John Dalyell, akafugwa kwenye chupa ya kioo, Dalyell mwenyewe akafariki 1851 mnyama akabaki hai, akapokezanwa mkono kwa mkono mpaka akafa 1887. Hapo hamna umeme, hamna pampu, ni mtu tu kumbadilishia maji ya bahari kila mara. Ni kweli yule alikuwa wa bahari yenye ubaridi na hategemei mwanga kama hawa wanaouzwa sasa, lakini ukijua mnyama anaweza kukaa miaka yote hiyo huwezi kuona kawaida anapokufia sebuleni ndani ya wiki.

Sasa tuje kwenye chumvi maana hapa ndo wengi wanapoanguka. Sisi watu wa mkoa huu tuna chumvi yetu ya Uvinza, inatoka kwenye chemchemi za maji chumvi pale na watu walikuwa wanaichemsha zamani sana hata reli haijafikiriwa, kwahiyo mtu akisoma "weka chumvi" akili inaenda moja kwa moja dukani. Ile ni chumvi ya mboga na kwa mboga haina mpinzani. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na ikishafika dukani inakuwa imeongezwa madini joto. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa kila lita lakini ndani ya hizo gramu 35 mna mambo, mna magnesiamu inakaribia miligramu 1,300, mna kalisiamu kama miligramu 400, potasiamu nayo hapohapo karibu na 400, kuna salfeti, kuna bikaboneti inayozuia maji yasigeuke kuwa na asidi, na vingine vidogovidogo. Mwili wa anemoni umejaa maji hayohayo, yeye hana figo ya kuchagua hiki abaki nacho hiki akitoe, maji ya nje yakiwa hivi na ndani yake yanakuwa hivyohivyo. Ukimuweka kwenye chumvi ya mboga umemuweka kwenye sumu hata kama kipimo cha uchumvi kinasoma sawasawa. Inatakiwa chumvi maalum ya akwariamu ya bahari, inauzwa kwenye ndoo au mifuko, unaagiza kwa wauza samaki wa mapambo, na ni ghali na usafiri juu. Tanki la lita 200 litakula kilo 7 na kidogo kwa kuanzia, alafu kila ukibadilisha maji lita 20 unahitaji gramu 700 nyingine. Piga hesabu hiyo ya mwaka mzima kabla hujanunua hata kioo.

Na kuna wanaosema basi nachukua maji ya ziwa kwasababu ziwa letu ni safi linaonekana mpaka chini, alafu naongeza chumvi maalum. Huyo amekaribia ila bado. Maji ya Tanganyika ni magumu, yani yana madini mengi, pH yake, kile kipimo cha asidi ambacho kikipanda asidi inapungua, inacheza kwenye 9 hivi, na ule uwezo wake wa kuzuia asidi, wataalamu wanaita alkaliniti, ni karibu mara tatu ya wa bahari. Ukimwaga chumvi ya bahari juu yake unajumlisha mara mbili, kalisiamu inaganda inakuwa unga mweupe kwenye pampu na kwenye vioo, na anemoni anakaa amejikunja muda wote. Hii chumvi ya akwariamu imetengenezwa ichanganywe na maji matupu yasiyo na kitu. Wenye uwezo wananunua mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba. Asiye nayo atumie maji ya mvua, na huku tunapata mvua ya kutosha kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini yakingwe moja kwa moja kwenye mapipa ya plastiki uwanjani baada ya mvua kunyesha muda kidogo hewa ikasafika. Yasipite kwenye mabati! Mabati yana zinki, na zinki ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo, kidogo tu ambacho samaki hata hakisikii anemoni kinamtosha. Shaba nayo ni hivohivo, iwe ya koki, ya waya uliochubuka ukadumbukia, au ya ile dawa ya samaki ya kutibu madoa meupe. Tanki lililowahi kutiwa dawa ya shaba mimi simweki anemoni humo kwasababu shaba inajificha kwenye mawe na mchanga inakuja kutoka baadae. Maji ya bomba yana klorini, hayo msiyaguse kabisa.

Wapo pia wanaoniambia mbona ziwani kuna yavuyavu, kama yavuyavu anaishi ziwani na anemoni ataishi. Ni kweli tunao, wadogo wa kama sentimita mbili, ukienda katikati ziwa likiwa limetulia unawaona wengi wanaelea. Mjerumani mmoja, Böhm, aliwaona 1883 na habari ilipofika Ulaya ikawashtua mpaka Waingereza wakafunga safari kuja huku wakidhani Tanganyika liliwahi kuungana na bahari, wazo ambalo baadae lilikuja kukataliwa. Yule ni wa maji yasiyo na chumvi kizazi na kizazi. Lita ya maji ya ziwa letu haina hata gramu moja ya chumvichumvi na ya bahari ina 35, ukimtoa anemoni huko ukamtupia ziwani seli zake zinavuta maji zinavimba zinapasuka. Kwahiyo usijaribu, na hata samaki wa tanki waliokuchosha usiwamwage ziwani, wanaweza kuleta magonjwa kwa samaki ambao hawapo popote duniani isipokuwa hapa.

Chumvi ikishakuwa sawa, kinachofuata ni subira, na hapa najua naongea na vijana ambao wanataka leo hii. Tanki jipya halina uhai wa kusafisha uchafu. Kinyesi na mabaki ya chakula yanageuka amonia, amonia inaua, inatakiwa bakteria waote kwenye mawe na mchanga waigeuze kuwa nitriti ambayo nayo ni mbaya, alafu bakteria wengine waigeuze nitrati ambayo ukibadilisha maji unaipunguza. Hiyo tu inachukua kama wiki nne mpaka sita. Hapo unaweza kuweka samaki mmoja mgumu mgumu. Anemoni bado. Mimi nasema miezi sita, na kuna wafugaji wanaosema mwaka, kwasababu baada ya amonia kuisha kunakuja mwani wa kahawia, unakuja wa kijani, maji yanapanda yanashuka, na anemoni anachotaka kuliko vyote ni maji yasiyobadilikabadilika. Uchumvi ubaki gramu 35 kwa lita, au kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025 mpaka 1.026, joto libaki kati ya nyuzi 24 na 27, amonia na nitriti zisomeke sifuri. Nunua refraktomita, kile kifaa cha kupima uchumvi, na vipimo vya maji kabla ya mnyama, hela ya vipimo isikuume. Kuonja kwa ulimi sio kipimo, nimeona watu wanaonja.

Na kuna hili la maji kuruka. Kigoma kuna joto, kuna upepo wa ziwani, tanki la wazi linapoteza maji kila siku na maji yakiruka chumvi haiendi nayo, inabaki. Tanki la lita 200 likipoteza lita 20 uchumvi umetoka 35 umefika karibu 39 na mwenye nyumba anaona tu "maji yamepungua" anaongeza maji chumvi mengine, anazidi kuharibu. Unaongeza maji matupu yasiyo na chumvi, kidogokidogo kila siku. Bandika selotepu kwenye kioo maji yalipofika siku ya kwanza, yakishuka chini ya hapo jaza. Hii ni kazi ya dakika mbili hata mtoto wa darasa la tatu ukimfundisha anaiweza, na nyumba niliyokuta mtoto ndo mwenye zamu hiyo tanki lake lilikuwa zuri kuliko yote.

Joto. Huku wauzaji wanawauzia watu hita wakati shida yetu kubwa ni kupooza. Usiku wa Juni na Julai hita inaweza kusaidia sawa, lakini Agosti, Septemba na Oktoba chumba chenye bati kinapanda na taa za tanki zinaongeza, maji yanafika 30 na zaidi. Hapo ndo tunakuja kwenye siri ya huyu mnyama. Anemoni hawa wanaouzwa, ndani ya mwili wao vinaishi viumbe vidogo vya mwani, vinapata hifadhi na vinatumia mwanga kutengeneza sukari ambayo anemoni anakula, na sehemu kubwa ya chakula chake inatoka humo. Maji yakipata joto sana ule mwani unakuwa mzigo, anautapika nje, anabaki mweupe. Ndicho kilichotokea kwenye miamba ya matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Kwahiyo anemoni mweupe pee dukani ambaye muuzaji anakwambia ni aina adimu, huyo ni mgonjwa ana njaa. Na wa njano kali au zambarau inayong'aa kupita kiasi mara nyingi amepakwa rangi, wapo wanaofanya hivyo, na rangi ikitoka chini unakuta yuleyule mweupe. Rangi ya afya ni kahawia, kijani, wekundu fulani hivi uliotulia. Kupooza tumia feni ndogo ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi kadhaa, ila maji yataruka zaidi kwahiyo ile selotepu uiangalie mara mbili kwa siku.

Mwanga uwe taa za LED za akwariamu zenye bluu na nyeupe, taa ya sebuleni haitoshi na dirishani jua linapandisha joto na kuotesha mwani kila kona. Akija mgeni anza na mwanga mdogo upandishe polepole wiki mbili tatu, maana ametoka kwenye giza la mfuko na boksi. Umeme ukikatika kinachoua haraka ni hewa kuisha kwenye maji, sio giza. Giza la siku moja anavumilia. Kwahiyo uwe na pampu ya hewa ya betri, na vijana wetu hapa wanajua sana mambo ya sola, betri ya volti 12 na pampu yake ndogo inatosha kuokoa tanki usiku kucha.

Sasa aina. Anemoni duniani wapo zaidi ya aina 1,000 na wanaokaa na samaki wa klauni, kundi la wale wa chungwa wa kwenye picha yenu, ni aina kama 10 tu. Kwa anayeanza nasema mchukue Entacmaea quadricolor, yule minyiri yake ncha zinavimba kama balbu, ni mvumilivu kuliko wenzake na kizuri zaidi anajigawa mwenyewe kwenye tanki, mmoja anakuwa wawili, kwahiyo unaweza kununua mtoto wa tankini bila kung'oa mwingine baharini. Heteractis magnifica anavutia macho ila anafika mita moja na anataka mwanga na mkondo mkali, ni wa watu waliokomaa. Wale bapa kama zulia, Stichodactyla, wanakula samaki wako wengine. Ule ukurasa wenu haukutaja aina yoyote. Mtu anaagiza "anemoni" anatumiwa chochote kilichokuwepo siku hiyo.

Na hao klauni wa chungwa, kwa faida ya wasomaji, sio wa pwani yetu. Ni wa mashariki ya Bahari ya Hindi na Pasifiki huko. Wa kwetu Tanzania ni wengine, kuna Amphiprion akallopisos wa rangi ya pichi mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mweusi mwenye mistari. Wote wazuri. Alafu watu wanadhani lazima wawepo wote wawili, anemoni na klauni, hapana, tankini kila mmoja anaishi bila mwenzie. Samaki tankini hana adui wa kumkimbia kwahiyo hahitaji pa kujificha. Kama moyo wako uko kwa samaki, fuga samaki, wanazaliwa kwenye matanki ya wafugaji na ni wagumu, anemoni muache. Nikisema hivi wengi wanashusha pumzi kabisa, maana walichokuwa wanataka ni samaki toka mwanzo.

Safari ndo eneo langu kwahiyo hapa mniwie radhi nikienda ndani kidogo. Basi la Dar kuja Kigoma ni siku nzima na zaidi. Kwenye mfuko uliofungwa mnyama anatoa amonia na anatoa kabonidayoksaidi, na ile kabonidayoksaidi inashusha pH, na pH ikiwa chini amonia inakuwa kwenye hali isiyo kali sana. Ukifungua mfuko hewa inatoka, pH inapanda dakika hizohizo na amonia inageuka kuwa sumu kweli. Sasa watu wamesoma mahali kwamba unadondoshea maji ya tanki tone tone kwa masaa mawili matatu, kwa mnyama aliyenunuliwa mtaa wa pili ni sawa, ila kwa aliyesafiri siku nzima unamchemsha kwenye mkojo wake. Dawa yake ni simu. Mpigie muuzaji siku mbili kabla muulize maji yake yana uchumvi gani, kama ni 33 wewe andaa ndoo ya 33, mfuko uelee dakika kama 15 joto lilingane, fungua, mtoe mnyama umuweke kwenye ndoo, maji ya mfuko yamwage, alafu hapo kwenye ndoo sasa ndo uanze kupandisha uchumvi taratibu. Muuzaji asiyejua uchumvi wa maji yake usinunue kwake. Na umwombe picha ya mguu, mguu ukiwa umechanika kwa kung'olewa kwa nguvu huyo ni wa kufa, mdomo uwe umefumba, minyiri ikiguswa inate.

Akiingia tankini atatembea. Usimrudishe ulipotaka wewe akae, anatafuta mwanga na mkondo unaomfaa na akipata anaingiza mguu kwenye upenyo wa jiwe anatulia. Hatari ni pampu. Pampu ya mawimbi inamvuta inamsaga, na anemoni aliyesagwa anachafua tanki zima wafe wote, kwahiyo kabla hajaingia funika midomo ya pampu zote kwa sponji au wavu. Siku nyingine utamkuta amenywea amekuwa kama soksi iliyolowa, usikimbilie kumtupa, anatoa maji machafu na uchafu wa tumboni, baada ya masaa anajaa tena. Ila akinywea siku kadhaa mfululizo, mdomo wazi, hanati, nyama inachambuka ukimpuliza maji, na harufu mbaya, mtoe siku hiyohiyo na upime amonia.

Chakula ni kidogo. Kipande cha kamba wa bahari au ngisi kidogo kuliko mdomo wake, mara moja au mbili kwa wiki. Ukimpa pande kubwa atalitema kesho yake limeoza. Dagaa wetu wa kukaushwa wenye chumvi hapana.

Ninachowaomba Mhariri ni kitu kinachowezekana. Mkitoa tena ukurasa wa namna ile, andikeni aina ya mnyama, anakua ukubwa gani, tanki lina umri gani, na kwa mwezi linakula chumvi na umeme wa kiasi gani, muulizeni mwenye tanki, atawaambia. Na andikeni pia ametolewa wapi, maana kuchukua wanyama baharini kuna vibali na kuna maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia ambako huwezi kwenda kung'oa unavyotaka. Wauzaji nao wakijua wasomaji wanauliza watabadilika.

Na kwa msomaji wa Kigoma ambaye amefika hapa ameona gharama haziwezi, kuna kitu kingine naomba akifikirie. Ziwani kuna samaki wadogo wa sentimita tano sita hivi, kina Lamprologus ocellatus, wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, jike anataga humo ndani na wazazi wanalinda watoto kwa ukali usioamini, ukiweka mkono wanakuja kukung'ata. Wanatosha kwenye tanki la lita 60, na maji wanayotaka ni hayahaya ya ziwa tuliyonayo hapa, magumu, pH 9, huna cha kununua cha kuongeza. Muone afisa uvuvi kwanza akueleze utaratibu wa kuwapata, weka mchanga, weka makombe mengi kuliko idadi ya samaki ili wasigombane, badilisha maji kidogo kila wiki. Mwenye swali kuhusu hao au kuhusu tanki la chumvi aandike hapa kwenye safu yenu nami nitamjibu hapahapa, na mhariri ukinipa nafasi nyingine nitaleta maelezo ya jinsi ya kukinga na kuhifadhi maji ya mvua yakae miezi ya kiangazi bila kuota mwani, maana msimu ukianza Novemba ndo muda wa watu kujaza mapipa.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma